Diwani Niliyoishona kwa Mkono

Diwani yangu ya kwanza ina kurasa 32, jalada la karatasi nzito ya kijivu, na uzi mmoja wa kitani unaoshikilia vyote. Inaitwa Uzi Haujafa. Niliitunga, nikaipanga, nikaichapa kwa printa ya kawaida, kisha nikaikunja na kuishona mwenyewe, nakala moja baada ya nyingine. Mashairi yote yaliyomo yametokana na visasili vya Wagiriki wa kale. Watunzi wenzangu huniuliza mambo mawili: kwa nini visasili vya Ugiriki, na kwa nini nihangaike na sindano ilhali mashine zipo. Kwangu mimi hayo ni swali moja.

Shairi la kwanza kukaa sawa lilikuwa la Arachne. Kisa chake tunakipata kwa Ovid, mshairi wa Kirumi, katika kitabu cha sita cha Metamorphoses, kazi ya mwanzoni mwa karne ya kwanza. (Ovid huwaita miungu kwa majina ya Kirumi, mimi nimefuata ya Kigiriki.) Arachne hana ukoo wa kujivunia. Baba yake hutia sufu rangi ya zambarau, basi. Alicho nacho yeye ni mikono. Anafuma vizuri hata watu wanasema lazima amefundishwa na Athena, mungu wa ufumaji, naye anakana: hakuna aliyemfundisha. Wanashindana. Athena anafuma miungu iliyoketi katika utukufu wake, na kwenye pembe nne za nguo anatia visa vya waliothubutu kushindana na miungu wakaadhibiwa. Arachne anafuma maovu ya miungu hiyohiyo: Zeus, mkuu wa miungu, aliyejigeuza fahali akamteka Europa, Zeus aliyejigeuza ndege akamwingilia Leda, na mengine mengi. Ovid anasema waziwazi kwamba hata Athena hakuona dosari katika kazi ile. Akaichana. Kisha akampiga Arachne kwenye paji la uso kwa chombo cha kufumia. Binti akajitia kitanzi, na Athena akamgeuza buibui.

Kisa hiki husimuliwa sana kama onyo kwa wenye kiburi. Nilipokisoma kwa utulivu niliona jambo lingine: nguo isiyo na kasoro ilichanwa kwa sababu ilisema kweli, na aliyechaniwa hakuacha kufuma. Ubeti huu ulinijia kwa bahari ya utenzi, na ndio uliozaa jina la diwani:

Nguo yangu imechanwa,
na mkono ukabanwa,
jina langu likakanwa,
ila uzi haujafa.

Tangu hapo nilianza kuona uzi kila mahali. Kuna dada watatu wa majaaliwa: Klotho husokota, Lachesis hupima, Atropos hukata. Kuna Ariadne, anayempa Theseus uzi ili aweze kutoka ndani ya nyumba ya vichochoro kule Krete baada ya kumuua Minotaur, zimwi lenye kichwa cha fahali, halafu anaachwa peke yake kwenye kisiwa cha Naxos na huyohuyo aliyemwokoa. Kuna Penelope, anayefuma sanda ya baba mkwe wake mchana na kuifumua usiku, miaka mitatu mizima, ili kuwachelewesha wanaume wanaotaka kumwoa wakidhani mumewe amekufa.

Nilikuwa na mashairi mengine pia, ya Icarus, ya Orpheus, ya Medusa. Niliyapenda, na mawili kati yake bado nayahesabu miongoni mwa yaliyo bora niliyowahi kutunga. Niliyatoa. Diwani ya kwanza ina kishawishi chake: unataka kutia ndani kila ulichowahi kuandika, kwa hofu kwamba hutapata nafasi nyingine. Nilijiwekea sharti moja. Kama ndani ya shairi hakuna mkono unaofanya kazi au unaoshika kitu, shairi hilo lingoje. Sharti hilo ndilo lililonipa kitabu. Kabla yake nilikuwa na bunda la mashairi.

Persephone hana uzi, lakini ana punje ya komamanga mkononi, na kwa hiyo aliingia. Nataka kukaa kwake kidogo, maana yeye ndiye aliyenifundisha zaidi kuhusu kutunga kutokana na kisasili.

Hades, mtawala wa kuzimu, anamteka. Mama yake, Demeter, mungu wa mazao, anamtafuta duniani kote, na kwa huzuni yake mbegu hazioti. Zeus anaamuru binti arudishwe, ila kuna sharti: aliyekula chochote kuzimu lazima arudi huko kwa sehemu ya kila mwaka. Je, alikula? Hapo ndipo masimulizi yanapoachana. Katika utenzi wa kale wa Kigiriki wa kumsifu Demeter, Hades anampa punje kwa siri wakati anaondoka, na Persephone anamwambia mama yake kwamba alilazimishwa. Atakaa kuzimu theluthi moja ya mwaka. Kwa Ovid, Persephone anatembea bustanini, anachuma tunda mwenyewe, na kula punje saba, na nusu ya mwaka ndiyo inayokuwa ya kuzimu.

Alilazimishwa au alichuma? Nilijaribu kuchagua na sikuridhika na upande wowote. Nikachagua kutochagua. Ukurasa wa 10 una shairi la punje iliyolazimishwa, ukurasa wa 11 una shairi la tunda lililochumwa, na yote mawili anayasema yeye mwenyewe. Kitabu kikifungwa, yanalaliana uso kwa uso. Kisasili hakina nakala moja sahihi ambayo wengine wote wameikosea. Tangu kale kila mtunzi alisimulia kwa namna yake, na anayetunga leo ana haki ileile, ilimradi ajue ni lipi analolibadilisha na kwa nini analibadilisha. Nawaomba wenzangu msiishie kwenye muhtasari wa mistari kumi. Tafuteni angalau masimulizi mawili ya zamani ya kisa kimoja myasome pamoja, kwa sababu shairi mara nyingi limejificha pale yanapotofautiana. Na jambo la haki ya kazi: visa vyenyewe ni vya kila mtu, ila tafsiri ya kisasa unayosomea ina mwenyewe. Beba kisa, sentensi za mfasiri ziache hapohapo.

Huo utenzi wa Demeter una historia iliyoniathiri sana. Karne nyingi ulihesabiwa kuwa umepotea, hadi mwaka 1777 ulipopatikana Moscow katika mswada mmoja ulionakiliwa kwa mkono. Mmoja tu. Leo mswada huo umehifadhiwa Leiden, Uholanzi. Na kuna karatasi yake moja iliyochanika, hivyo mistari kadhaa ina mapengo, nayo iko karibu kabisa na mahali mama na binti wanapokutana tena. Ukitaka kusoma Demeter alimwambia nini mwanawe mara tu alipomshika, unakuta maneno nusunusu ambayo wataalamu wameyajaliza kwa kukisia. Nilipojua hilo niliacha kuandika shairi la kukutana kwao kwa mishororo kamili. Katika diwani limechapwa na nafasi tupu katikati ya kila mshororo, upana wa kidole. Msomaji mmoja alinieleza kwamba alilisoma kwa sauti na kila alipofika kwenye nafasi alijikuta anavuta pumzi. Sikuwahi kumwambia habari ya mswada uliochanika.

Sasa niseme kuhusu bahari za mashairi, maana wapo wanaodhani ukigusa visasili vya Ugiriki lazima uache vina na mizani uandike shairi huru. Mimi nilikuta kinyume chake. Ushairi wetu una maumbo ambayo yanawapokea wahusika hawa vizuri ajabu. Mchukue Echo. Hera, mke wa Zeus, alimwadhibu kwa sababu alikuwa anamshikilia kwa mazungumzo marefu ili wenzake waliokuwa na Zeus wapate nafasi ya kutoroka. Adhabu yake ni kwamba hawezi kuanzisha neno. Anarudia tu maneno ya mwisho ya anayesema. Ni umbo gani lingemfaa kuliko pindu, ambamo maneno yanayofunga ubeti ndiyo yanayofungua ubeti unaofuata? Nilimwandikia pindu, na kila alipoanza ubeti alikuwa anaanza kwa maneno yaliyokwisha kusemwa. Umbo lilifanya nusu ya kazi. Demeter na Hades niliwapa ngonjera, kwa kuwa wana madai ya kujibizana. Dada watatu wa majaaliwa niliwapa beti za mishororo mitatu mitatu, na mshororo wa tatu, ule wa Atropos, unakatika kabla mizani haijatimia.

Shairi huru nilimwachia Ariadne peke yake pale Naxos. Ameamka, merikebu imeondoka, na hakuna wa kumwitikia. Vina vingemfariji mapema mno.

Penelope ndiye aliyenitesa. Nilitaka msomaji aone nguo ikifumwa na kufumuliwa. Mwishowe shairi lilikuja kuwa kurasa mbili zinazotazamana: kushoto mishororo inashuka kama kawaida, kulia mishororo ileile inarudi kuanzia wa mwisho hadi wa kwanza, na maana inageuka. Kushoto ni mke anayengoja, kulia ni mke anayeamua. Kila mshororo ilibidi uweze kusimama mbele na nyuma ya jirani yake. Nilivunja beti nzima nzima kwa sababu ya kiunganishi kimoja kilichokataa kurudi kinyumenyume.

Na hapa ndipo sindano inapoingia. Kijitabu cha kurasa 32 ni karatasi nane zilizokunjwa katikati na kuingizwa moja ndani ya nyingine. Kila karatasi hubeba kurasa nne, kwa hiyo idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne. Huwezi kuwa na 30 wala 31. Kurasa zinazokaa upande mmoja wa karatasi moja ukizijumlisha hupata 33 daima: wa 1 na wa 32, wa 2 na wa 31, wa 10 na wa 23. Ni mahali pamoja tu ambapo kurasa mbili zinazofuatana zinakaa kwenye karatasi ileile bila kukatizwa, nazo ni za 16 na 17, katikati kabisa. Hapo ndipo uzi wa kushonea unapoonekana kwa ndani, wima, kati ya kurasa mbili. Nilipoliona hilo nilijua Penelope anakaa wapi. Kushoto anafuma, kulia anafumua, na katikati upo uzi halisi unaoweza kuugusa. Uzi wa namna hiyo huanzia ndani na fundo lake hufungwa ndani, kwa hiyo fundo pia liko kwake.

Hakuna aliyenishauri hilo. Kama ningempelekea mtu mswada anichapie, pengine Penelope angeangukia popote kurasa zilipoishia.

Kwa anayetaka kujaribu, nitaeleza hatua zangu. Jambo la kwanza ni mwelekeo wa nyuzi za karatasi. Karatasi ina nyuzinyuzi zilizolala upande mmoja. Ukiikunja kuzifuata, mkunjo unatulia, na ukiikunja kuzikata, mgongo unafura na kitabu hakikubali kufungika. Karatasi nyingi za A4 nyuzi zake zimelala kwa urefu, na kuikunja A4 ili kupata kijitabu cha A5 ni kuzikata. Dawa ni kutafuta karatasi za A3 ambazo nyuzi zimelala kwa urefu, kisha kuzikata katikati. Zile A4 utakazopata nyuzi zake zitakuwa zimelala kwa upana, na mkunjo utakaa. Ukitaka kujua nyuzi zimelala vipi, chana kipande: upande unaochanika kwa mstari ulionyooka ndio uelekeo wake. Nilitumia karatasi za gramu 100 kwa ndani, kwa kuwa za gramu 80 zilionyesha wino wa upande wa pili, na mashairi yenye nafasi tupu hayavumilii kivuli cha maneno mengine.

Mkunjo niliukandamiza kwa ubapa wa mfupa uliolainishwa. Matundu matano kwenye mstari wa mkunjo niliyatoboa kwa msharasi, kwa kufuata kipande cha kadi nilichokipima kwanza, ili kila karatasi iwe na matundu mahali palepale. Uzi uwe karibu mara tatu ya urefu wa mgongo, na upitishwe kwenye nta ya nyuki usije ukajisokota. Unaingiza sindano tundu la katikati kutoka ndani, unarudi ndani kwa tundu linalofuata, unatoka kwa tundu la mwisho, unarudi ndani kwa lile la kabla yake, kisha unaruka la katikati na kufanya vivyo hivyo upande wa pili, hadi unaporudi ndani kwa tundu la katikati. Ncha mbili za uzi zipite kila moja upande wake wa ule uzi mrefu wa ndani, ndipo ufunge. Karatasi nane zikikunjwa pamoja, za ndani hutokeza mbele kidogo kuliko za nje, basi mwisho hukatwa kwa kisu kikali na rula ya chuma. Kaza taratibu ukivuta uzi sambamba na mgongo. Ukiuvuta kuelekea kwako, karatasi inachanika kwenye tundu, na nakala hiyo imeharibika.

Picha ya jaladani niliichonga kwenye kipande cha linoleamu: nguo ambayo ukingo wake mmoja haujamalizika. Kila nakala niliipiga chapa kwa mkono, na hakuna mbili zilizofanana kwa kiasi cha wino.

Kushona nakala nyingi kulinipa muda mrefu na mashairi yangu kuliko nilivyowahi kuwa nao. Unapokunja karatasi ileile mara nyingi, jicho linaangukia mshororo uleule, na ule dhaifu unaanza kukuumiza. Kati ya kundi la kwanza la nakala na la pili nilibadilisha mishororo kadhaa. Wasomaji wawili wenye nakala za nyakati tofauti wana mashairi yanayotofautiana kidogo, nami nalifurahia jambo hilo. Visasili vyenyewe vimesafiri namna hiyo.

Wapo walionishauri niweke kurasa za maelezo mwishoni, kueleza nani ni nani. Nilifikiri sana, nikaamua kutoweka. Niliwasomea mashairi yale watu wasiomjua Persephone wala Arachne na kuwauliza wamesikia nini. Shairi lililowaacha watupu nililirudisha mezani. Shairi la Arachne wengi walilielewa bila msaada: fundi, kazi nzuri, mwenye nguvu aliyekasirika. Nani hajaona hayo? La dada watatu lilihitaji majina yatoke na kazi zao zibaki: anayesokota, anayepima, anayekata. Likawa bora mara kumi. Jina la Kigiriki lina uzito wake kwa anayelijua, lakini halipaswi kuwa mlango uliofungwa kwa asiyelijua.

Mara nyingi nilipokuwa nashona nilimkumbuka Emily Dickinson, mshairi wa Marekani. Alinakili mamia ya mashairi yake kwa mkono safi na kuyashona katika vijitabu 40, na hakuvichapisha. Alipofariki mwaka 1886 ndugu yake alivikuta. Waliohariri mashairi hayo kwa ajili ya kuyachapa walizifungua zile nyuzi, na mpangilio aliouweka kwa mikono yake ukavurugika; kazi ya kuurejesha ilichukua miongo mingi, hadi vijitabu vilipochapishwa kwa mpangilio wake mwaka 1981. Ninapoambiwa kwamba mpangilio wa mashairi katika diwani ni jambo dogo, huwa nataja habari hiyo. Alichagua shairi gani lilale karibu na lipi. Uzi ulikuwa ushahidi.

Kuhusu kufikisha kitabu kwa watu nina machache ya kusema. Kitabu cha namna hii hakiwezi kushindana na vya dukani kwa wingi, na sikutaka kishindane. Niliwapa wasomaji mkononi, kila nakala ikiwa na namba yake kwa penseli kwenye ukurasa wa mwisho. Wanakishika kwa uangalifu nisioutarajia. Wengi hukipindua kwanza kuangalia mgongo na kupapasa uzi kabla hawajasoma lolote, na nadhani wakifika kwa Penelope tayari vidole vyao vinajua jambo.

Kuna mmoja nilimwacha nje ya diwani hii kwa makusudi, ingawa hakuna anayestahili kuwa ndani kuliko yeye. Philomela alibakwa na Tereus, mume wa dada yake, na ili asiseme akakatwa ulimi. Akafuma. Ovid anasema alitia alama za zambarau kwenye nyuzi nyeupe, akampelekea dada yake nguo ile, na dada akaisoma. Nimeandika shairi lake tena na tena, na kila mara nilipolimaliza niliona nimeyapamba maumivu yake, na sikutaka hata kidogo kufanya hivyo. Sasa hivi najaribu njia nyingine: Philomela hasemi neno. Anayesema ni Procne, dada mtu, akiifungua nguo mkunjo kwa mkunjo, na kila ubeti unaishia pale macho yake yalipofika. Kwa shairi hilo nataka karatasi moja ndefu iliyokunjwa mara nyingi, isiyoshonwa popote, ili msomaji naye aifungue hivyohivyo. Beti nne zimeshakubali. Wa tano ndio ule ambamo anauona ulimi, na bado nautafutia kina.